Barua ya wazi: Hesabuni vipimo kwanza, kiwanda cha vitendanishi kifuate

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa (MSD),
Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Waheshimiwa na ndugu zangu,

Nawasalimu kwa heshima. Nawaandikia kuhusu kiwanda ambacho hakijajengwa.

Siku hizi ni nadra kikao cha bidhaa za afya kuahirishwa bila mtu kusimama na kusema wakati umefika tutengeneze wenyewe vitendanishi vya maabara, yaani kemikali na vimiminika vya kupimia: vya malaria, vya sukari, vya kundi la damu, vya mashine za FBP (kipimo cha picha kamili ya damu). Ukumbi hupiga makofi, nami hupiga. Nimetumikia maabara za serikali tangu ujana hadi kustaafu, na nayajua maumivu ya kumwambia mama aliyebeba mtoto mwenye viganja vyeupe kwamba kitendanishi kimekwisha, ajaribu mjini. Sina ugomvi na kiwanda. Ninachoomba ni kazi isiyo na makofi wala utepe wa kukata: utafiti wa soko, ufanywe na watu wanaoijua maabara, ukamilike kabla mchanga na kokoto havijamwagwa.

Tunayo mifano miwili hapa hapa nchini. Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi wa mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba na kufunguliwa mwaka 2015. Mbu tunao, malaria tunayo, na dawa yenyewe inafanya kazi. Hata hivyo, Juni 2017 ilibidi Rais Magufuli afike pale na kuziagiza halmashauri zikanunue, maana dawa ilikuwa imetengenezwa na imekaa. Mnunuzi wa bidhaa ile ni halmashauri, na halmashauri hununua kilichomo kwenye kifungu cha bajeti, hata mbu wawe wengi kiasi gani. Arusha, A to Z Textile Mills ilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia iliyopewa na kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Pale mlipaji alijulikana mapema: mashirika ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa vyandarua kwa mamilioni. Kiwanda kikaajiri maelfu ya Watanzania.

Mimi naogopa kiwanda cha vitendanishi kitapangwa kwa hesabu ya aina ya Kibaha. Hesabu hiyo mmeiona kwenye maandiko ya miradi. Mtu anachukua Sensa ya 2022, watu 61,741,120, anazidisha kwa kiwango cha ugonjwa, anazidisha kwa bei ya kipimo, anapata mabilioni ya shilingi na kuyaita soko. Hayo ni mahitaji. Kwamba mahitaji yapo hakuna anayebisha. Mwaka 2021 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, ni asilimia 19 tu ya watu wanaovipata vipimo rahisi kabisa kwenye huduma ya msingi, ukiacha vya VVU na malaria. Mgonjwa anahitaji kipimo, lakini kitendanishi hakinunuliwi na mgonjwa. Kinanunuliwa na MSD, na mshitiri wa mkoa (muuzaji binafsi aliyeteuliwa) pale MSD inapokuwa haina, na hospitali za mashirika ya dini, na maabara binafsi za mjini, na miradi ya wafadhili. Kila mmoja ana sababu zake za kununua, na sababu zenyewe hazifanani.

Halafu yuko bwana mmoja ambaye ana sauti kuliko wote hao. Mashine.

Chukueni mashine ya FBP, ambayo leo mnaikuta hadi kwenye vituo vya afya. Inatumia vimiminika vitatu au vinne. Kinachotumika kwa wingi ni kile cha kuzimulia damu, kinachokuja kwenye dumu la lita 20 ndani ya boksi. Waheshimiwa, dumu lile karibu lote ni maji. Maji safi mno, yaliyotiwa chumvi kwa vipimo vya uangalifu, kidogo cha kuzuia tindikali isipande wala kushuka, na kihifadhi ili vijidudu visiote. Tunayapakia maji hayo kwenye meli ng'ambo, tunayalipia nauli ya bahari, tunayashusha Dar es Salaam, tunayapandisha lori hadi Kibondo. Ukiuliza ni kitendanishi gani Mtanzania angeweza kuanza nacho kesho na akashinda kwa bei kwa sababu tu ya umbali, jibu la kwanza ni hilo dumu.

Lakini jaribu kulitengeneza uone. Mashine nyingine zinapokea kimiminika cha yeyote ilimradi kimefikia ubora. Nyingine zimefungwa: dumu lina kadi au msimbo ambao mashine inausoma kabla ya kufanya kazi, na dumu lisilo na kadi ya kampuni husika linakataliwa hata kama ndani mna kitu kile kile. Juu ya hapo kuna mikataba. Kampuni inaweka mashine bure, hospitali inajifunga kununua vitendanishi kwake kwa miaka kadhaa. Siwalaumu waliotia saini. Ndivyo hospitali nyingi zilivyopata mashine ambazo zisingepata kamwe kwa kusubiri bajeti. Ila kila mkataba wa namna hiyo ni kipande cha soko kilichokwisha kuuzwa, na kiwanda cha vitendanishi kitakachojengwa Kibaha, Njombe au kwingineko kitakuta mlango umefungwa hadi tarehe fulani. Je, kuna ofisi moja kati ya zenu inayoweza kufungua jedwali leo na kuonyesha nchi nzima ina mashine ngapi za FBP na za biokemia (zinazopima sukari, figo na ini), za modeli gani, ngapi zimefungwa na ngapi ziko wazi, na kila mkataba unakwisha lini? Jedwali hilo peke yake lingekuwa nusu ya utafiti ninaouomba. Bila hilo, anayesema soko la vitendanishi Tanzania ni kubwa anasema kweli, na anayesema halipo anasema kweli vilevile.

Msidhani wanunuzi wakubwa wa dunia wameruka ukuta huo. Katriji za kupimia kifua kikuu kwenye mashine ya GeneXpert zinatengenezwa na kampuni moja tu, Cepheid. Mwaka 2012 wafadhili walimlipa mtengenezaji ili bei kwa nchi kama yetu ishuke hadi dola 9.98. Ikakaa hapo mpaka Septemba 2023, baada ya kelele nyingi za wanaharakati, iliposhuka hadi dola 7.97. Wingi wa manunuzi hauna nguvu sana pale mashine inapomtambua muuzaji mmoja.

Nije kwenye takwimu za matumizi, maana najua mtaniambia zipo. Zipo. Kila kituo kinatuma taarifa na maombi, eLMIS (mfumo wa kielektroniki wa ugavi) inazo, MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) inazo, na kila mwaka watu wanakaa kufanya maoteo, yaani makadirio ya mahitaji. Tatizo ni jinsi zinavyosomwa. Tuseme kituo cha afya kimetumia vipimo 300 vya FBP kwa miezi sita. Aliyeko Dodoma anagawa, anapata 50 kwa mwezi, anaandika 50. Lakini ukifungua leja ya stoo unakuta kimiminika kilikuwepo miezi miwili tu. Kwa hiyo kilipokuwepo, kituo kilipima 150 kwa mwezi. Maoteo yakikosea mara tatu kwenye kituo kimoja na kosa hilo likajirudia kwenye mamia ya vituo, kiwanda kitakachojengwa kwa takwimu hizo kitakuwa kidogo mno, na upungufu utaendelea kwa nembo ya nyumbani.

Wala 150 siyo jibu la mwisho. Daktari akishaambiwa mara kadhaa kwamba kipimo hakuna, anaacha kukiandika. Kwenye fomu za maombi hakionekani tena, kwenye rejista hakionekani, na mtafiti anayesoma karatasi atahitimisha kwamba kituo kile hakina haja nacho. Njia ya kuligundua hilo ni ya kizamani: nenda ukakae na matabibu, uwaulize ni vipimo gani wangeandika kama vingekuwepo, kisha linganisha na kituo cha ukubwa ule ule ambacho hakikuishiwa mwaka mzima. Upande wa pili napo kuna udanganyifu, hasa pale vitendanishi vilivyopitwa na muda vinapoingizwa kwenye safu ya vilivyotumika ili leja isilete maswali. Kila aliyewahi kushika stoo ananielewa.

Kuna matumizi mengine ambayo mtu wa takwimu hayaoni kabisa. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mteknolojia anapitisha sampuli za udhibiti wa ubora, ambazo majibu yake yanajulikana, ili kuhakiki mashine. Maabara inayohudumia wagonjwa 12 kwa siku na kupitisha sampuli tatu za udhibiti imeongeza robo nzima ya matumizi juu ya idadi ya wagonjwa. Ongezeni kurudia majibu yenye mashaka, kurekebisha mashine, na mabaki yanayobaki chini ya chupa ambayo sindano ya mashine haiyafikii. Mkihesabu wagonjwa peke yao, mtapungukiwa kila mwezi na kulaumiana na watu wa stoo bure.

Ukubwa wa chupa ndio eneo ambalo mtengenezaji wa hapa angetupita wote kwa akili, kama tungemwambia ukweli. Vitendanishi vingi vya biokemia vimefungashwa kwa ajili ya hospitali kubwa za Ulaya na Asia. Tuseme chupa ina vipimo 200 vya kreatini (kipimo cha figo) na ikifunguliwa inadumu siku 30. Kituo kinachopima watatu kwa siku kitatumia 90 na kumwaga 110. Kwenye karatasi bei ya kipimo kimoja ni nafuu. Kwa kituo kile ni zaidi ya mara mbili ya iliyoandikwa. Chupa ndogo, hata ikiwa ghali kidogo kwa mililita, ingeuzika kuanzia Tunduma hadi Tarime. Jambo hilo halimo kwenye ripoti yoyote ya kununua ya soko la vipimo la Afrika, zile zinazouzwa kwa maelfu ya dola na zinazoonyesha bara zima kama kipande kimoja cha chati. Utalipata kwa kusimama mbele ya jokofu la maabara ya wilaya na kuuliza kwa nini chupa tano zimefunguliwa tarehe moja.

Mkiwa mbele ya jokofu hilo, ulizeni na mengine. Umeme ukikatika jenereta inawashwa kwa ajili ya nani, chumba cha upasuaji au maabara? Kitendanishi kinachotakiwa kikae kati ya nyuzi 2 na 8 kilisafirije kutoka bohari ya kanda, kwenye kisanduku chenye barafu au nyuma ya gari pamoja na maboksi ya glavu? Chumba kinafika nyuzi ngapi saa nane mchana mwezi wa Novemba? Nani alisoma karatasi ya maelekezo? (Nimezikunjua karatasi zenye lugha sita za Ulaya kwa herufi za kuhitaji hadubini, Kiswahili sijakiona, ingawa wanaokisoma katika ukanda huu ni mamilioni. Mtengenezaji wa hapa anaanza na faida hiyo bila gharama.) Bidhaa inayovumilia joto na inayoeleweka na mtu aliyeko zamu peke yake usiku ina thamani kuliko bidhaa yenye usahihi wa kupigiwa mfano ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Halafu, waheshimiwa, tusiyachanganye masoko. Kuna soko la VVU, malaria na kifua kikuu, ambalo kwa sehemu kubwa limeendeshwa kwa fedha za wafadhili. Huko Mfuko wa Dunia hununua vipimo vilivyopitishwa na Shirika la Afya Duniani au na mamlaka inayoaminika kwa kiwango hicho. Kupata kibali kile ni kazi ya miaka na fedha, na bei zilizopo ni za kuvunja moyo: kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, kinanunuliwa kwa chini ya nusu dola kutoka viwanda vya Asia vinavyotengeneza kwa mamia ya mamilioni. Anayetaka kuanzia huko ajue anaingia uwanjani na nani. Kibali cha TMDA pekee hakitamfungulia zabuni hizo, pamoja na sifa tuliyoipata Desemba 2018 ya kuwa nchi ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya Shirika la Afya Duniani katika udhibiti wa dawa.

Soko la pili ni la kila siku. Rangi za kuonea vimelea na bakteria kwa hadubini: Giemsa, Field, Gram na Ziehl-Neelsen. Vimiminika vya FBP. Vitendanishi vya sukari, kreatini na vimeng'enya vya ini. Agar za kuoteshea bakteria. Anti-A, anti-B na anti-D za kundi la damu, ambazo bila hizo Damu Salama haifanyi kitu. Hapa hakuna mfadhili mkubwa, bei haijabanwa kiasi kile, na kibali cha TMDA ndicho kinachohitajika. Ni soko lisilo na picha za magazetini, na kwa maoni yangu ndiko pa kuanzia. Sahani ya agar iliyokwisha kumwagwa hudumu wiki chache tu. Kuiagiza kutoka mbali ni kujitafutia hasara. Ndiyo maana maabara zetu humwaga zenyewe, kila moja kwa namna yake, na ubora hupishana. Mtu mmoja mwenye kundi la kondoo wenye afya (damu yao huchanganywa kwenye agar), chumba safi na gari lenye jokofu angeweza kuhudumia hospitali za mikoa mitatu. Je, zingemlipa? Ndilo swali la utafiti.

Sasa nije kwenye jambo litakalowaudhi baadhi ya wenzangu. Mkifanya utafiti wa soko kwa uaminifu, mkapita maabara binafsi za mjini mkauliza ni kitendanishi gani kinatoka haraka, nina hakika antijeni za Widal, kipimo cha homa ya matumbo (taifodi), hazitakosa kwenye orodha ya juu. Kipimo cha Widal kilibuniwa mwaka 1896. Kwa kanuni zake kinataka sampuli mbili zilizopishana siku kadhaa ili kuona kama kingamwili zinapanda. Kwetu hufanywa kwa tone moja juu ya kigae, mara moja, na majibu hutoka mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Mtu aliyewahi kuugua zamani, au aliyekutana na bakteria wa jamii hiyo, anaweza kutoka chanya bila kuwa na homa ya matumbo. Ndiyo maana ni vigumu kumpata mkazi wa mjini ambaye hajawahi kuambiwa ana taifodi na UTI kwa mpigo, akapewa sindano za siku tano.

Soko lake ni kubwa, malighafi zake si ngumu, na mwekezaji yeyote angeanza nalo. Nawaomba msimruhusu avune fedha za umma kwa hilo. Homa ya matumbo huthibitishwa kwa kuotesha damu, na hapo tunarudi kwenye agar na chupa za damu. Watafiti wa soko watawaambia watu wananunua nini. Kazi ya kusema nini hakistahili kununuliwa ni ya Wizara, isemwe kwa waraka, mapema, ili mwenye mtaji asije akasema hakujua.

Upo pia mfano wa kinyume chake. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa kila mwaka Tanzania wakiwa na selimundu, na tumo miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani pamoja na Nigeria, India na Kongo. Vipo vipimo vya haraka vya tone la damu vinavyoweza kumtambua mtoto mchanga kabla hajaanza kuugua. Mahitaji ni makubwa kuliko ya bidhaa nyingi nilizozitaja. Lakini mtoto asiye na dalili haletwi maabara na mtu, na hakuna mzazi atakayetoa fedha mfukoni kwa ugonjwa asioujua. Soko hilo litakuwepo siku serikali itakapoamua kila mtoto apimwe pale anapozaliwa, na kusema fedha zinatoka wapi. Kwa maneno mengine, ninyi ndio soko. Vivyo hivyo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023: vipimo vitakavyowekwa kwenye kitita cha mafao vitapanda, vitakavyoachwa nje vitadumaa. Utafiti wa soko unaofanywa bila kujua kitita ni kubahatisha.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi kwa kuwa mnayajua kuliko mimi. Deni la serikali kwa MSD limejadiliwa bungeni mara nyingi. Kampuni kubwa ya nje inaweza kusubiri fedha zake mwaka mzima. Mwenye kiwanda kidogo cha Morogoro akikaa miezi minne bila kulipwa anafunga. Kwa hiyo mtafiti asiishie kuuliza mnunuzi ananunua kiasi gani. Aulize alilipa lini mara ya mwisho, na baada ya siku ngapi. Waziri wa Viwanda naye aangalie ushuru: tangu Julai 2022 Afrika Mashariki ina viwango vinne vya ushuru wa pamoja, 0, 10, 25 na 35. Naomba mtu akae na kitabu hicho, apitie chupa, kifuniko, lebo, boksi na kemikali moja baada ya nyingine, kisha alinganishe na ushuru wa kitendanishi kilichokamilika kinapoingia bandarini. Ikiwa chupa tupu inatozwa na chupa iliyojaa haitozwi, kiwanda kimekufa kabla ya kuzaliwa.

Msisahau pia kwamba soko hili hugeuka ghafla. Vipimo vingi vya haraka vya malaria vinatafuta protini iitwayo HRP2. Eritrea iligundua mwaka 2016 kwamba wagonjwa wenye vimelea tele walikuwa wakitoka hasi, kwa kuwa vimelea vyao vilikuwa vimepoteza jeni ya protini hiyo. Nchi ikalazimika kubadilisha vipimo. Kiwanda chenye mstari mmoja wa HRP2 kingeamka siku hiyo kikiwa na ghala la bidhaa zisizo na mnunuzi. Kagera tumepata mlipuko wa virusi vya Marburg mara mbili, Machi 2023 na Januari 2025, na mara zote mbili kilichotakiwa kilikuwa vitendanishi vichache vya kipimo maalumu, haraka, mahali pa mbali. Hakuna kiwanda kitakachoishi kwa mauzo ya Marburg. Lakini kiwanda kinachojua kutengeneza vitendanishi vya PCR (kipimo kinachotambua vinasaba vya vimelea) kwa matumizi ya kawaida kinaweza kugeuza kazi kwa wiki chache. Morocco walifanya karibu na hivyo: kampuni ya Moldiag ilitengeneza kipimo cha PCR cha mpox na mwaka 2024 Africa CDC ikakipendekeza kitumike barani.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tutakuwa peke yetu. Dakar wana kiwanda cha vipimo vya haraka, diaTROPIX, tangu 2020, chini ya Taasisi ya Pasteur. Jirani zetu Kenya, kupitia taasisi yao ya utafiti wa tiba, KEMRI, walikwishatengeneza kipimo chao cha homa ya ini B. Sisi tuna jambo ambalo wengi hawana: mwaka 2017 nchi za SADC ziliichagua MSD iratibu ununuzi wao wa pamoja, na papo hapo tumo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtafiti avuke mipaka. Aende Lubumbashi, Lilongwe na Bujumbura akaulize mashine gani ziko kule, maana dumu la lita 20 linalotoka Mbeya linafika Malawi kwa nauli ndogo kuliko linalotoka ng'ambo.

Nani aifanye kazi hii? Naomba isiwe kampuni ya ushauri itakayotua kwa wiki mbili, ilale Masaki, iongee na watu kumi wenye vyeo na kuacha faili lenye jalada zuri. Tuna wateknolojia waliosambaa kila wilaya, tuna taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, NIMR, tuna Chuo Kikuu cha Muhimbili, tuna waratibu wa maabara wa mikoa wanaojua kila mashine iliyokufa na sababu iliyoiua. Wapeni dodoso moja, posho halali na miezi sita. Waingie zahanati zenye hadubini tu, vituo vya afya, hospitali za wilaya, za rufaa za mikoa, za kanda, za dini na maabara binafsi za vichochoroni. TMDA wakae mezani tangu siku ya kwanza ili orodha ya bidhaa itoke ikiwa na mahitaji ya usajili pembeni, kila moja na ushahidi wake wa ubora.

Matokeo yachapishwe. Najua kuna wanaoona takwimu za manunuzi kuwa siri ya biashara. Ila aliyenazo sasa ni yule anayetuuzia. Anajua mashine zake ziko wapi na zinakula kiasi gani kwa mwezi. Asiyejua ni kijana wa Kitanzania mwenye shahada ya kemia na mtaji wa kukopa. MSD tayari hutoa kitabu cha bei. Kuongeza safu ya kiasi kilichonunuliwa mwaka uliopita, kwa kila kitendanishi na kila kanda, si kazi ya kuhitaji mfadhili.

Naomba mambo matatu yawe tayari kabla ya hotuba za bajeti ijayo kusomwa Dodoma. Jedwali la mashine, pamoja na tarehe za mikataba kuisha. Maoteo yaliyosahihishwa kwa miezi ambayo vitendanishi havikuwepo. Na barua ya MSD inayotaja bidhaa hata tano tu, kiasi, ubora na muda wa kulipa, kwamba zikitengenezwa hapa kwa kiwango hicho zitanunuliwa kwa miaka mitatu. Mwenye barua hiyo mkononi ataenda benki mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Morogoro